Yai la Tano Ndilo Letu: Ufugaji wa Kuku Kumi wa Mayai

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika toleo hili la jarida letu nimeona heri niandike juu ya kiumbe ambaye wengi wetu humpita kila asubuhi tukikimbilia kengele bila kumtupia jicho, naye ni kuku. Sizungumzii shamba kubwa lenye maelfu ya kuku, la hasha. Nazungumzia kuku kumi tu, wafugwao nyuma ya jikoni kwa ajili ya mayai. Huku kwetu Kakamega ni shida kupata boma lisilo na kuku, na mgeni asiyechinjiwa kuku hurudi kwao akinung'unika. Lakini kuwa na kuku ni jambo moja, na kupata mayai kila siku ni jambo lingine kabisa.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, nataka kueleza jinsi yai linavyotengenezwa ndani ya kuku, kwa maana asiyejua yai linatoka wapi hawezi kujua kwa nini limekosekana. Pili, nataka kuonyesha kwa hesabu ni wakati gani kuku hao kumi wanatulisha, na ni wakati gani sisi ndio tunaowalisha bure. Hesabu yenyewe kwa ufupi ni hii: yai la kwanza, la pili, la tatu na la nne ni ya gunia la chakula. Yai la tano ndilo letu. Nitaifafanua huko mbele. Kwa sasa ikae akilini.

AINA YA KUKU

Kuku wa mayai tunaweza kuwagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kuku wa kienyeji. Huyu ni mvumilivu na hujitafutia chakula chake mwenyewe. Akifikisha umri wa miezi sita hivi huanza kutaga. Hutaga mayai kama kumi hadi kumi na tano, kisha huyaatamia kwa siku 21, kisha huwalea vifaranga kwa majuma mengi. Muda huo wote hatagi. Hiyo si kasoro yake. Yeye hutaga ili apate watoto, wala si ili sisi tupate chai na mayai.

Kundi la pili ni kuku wa gredi, kama vile Isa Brown mwenye rangi ya kahawia. Huyu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi na wataalamu mpaka hamu ya kuatamia ikampungua sana. Huanza kutaga akiwa na majuma 18 hadi 20, na akitunzwa vizuri hupita mayai 300 katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga. Lakini si mchezo kumtunza: hana subira na njaa, kiu wala baridi.

Kundi la tatu liko katikati, nalo ni la kienyeji walioboreshwa. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, huzalisha kuku wa namna hii katika kituo chake cha Naivasha. Wako pia Kuroiler, ambao asili yao ni nchi ya India. Hawa hutaga kuliko kienyeji wa kawaida na hustahimili maisha ya uani kuliko wa gredi.

Kwetu nyumbani tuna kuku kumi wa gredi. Mama aliwanunua mwaka jana mwezi wa Mei, zamu yake ya chama ilipofika, wakiwa karibu kuanza kutaga. Kila mmoja aligharimu shilingi 700, jumla shilingi 7,000. Alinikabidhi mimi kazi ya kuwatunza na daftari la kuandikia mayai.

Hatukununua jogoo. Nyanya yangu alipoona hivyo alishangaa sana.

"Mjukuu wangu, mayai bila jogoo yatatoka wapi?"

"Nyanya, kuku hutaga hata akiwa hana jogoo. Jogoo anahitajika tu tukitaka vifaranga."

"Haya, tutaona."

Ikafika juma la tatu, ikawa ni yeye anayeniuliza kila jioni, "Leo wametaga mangapi?" Basi ndugu msomaji, ukitaka mayai ya kula na kuuza, jogoo ni mdomo wa ziada kwenye chombo cha chakula. Tena mayai yasiyo na mbegu ya jogoo hayageuki vifaranga hata yakikaa mahali penye joto.

BANDA

Banda la kuku kumi halihitaji ukubwa. Kipimo cha kawaida ni kuku wanne au watano kwa kila mita mraba, kwa hiyo banda lenye urefu wa mita mbili na nusu na upana wa mita moja linatosha. Wakibanwa kuliko hivyo hudonoana, na kuku aliyeanza kutoka damu wenzake hawamwachi.

Mambo muhimu katika banda ni haya. Paa lisivuje. Upande mmoja uwe na wavu ili hewa ipite. Pawe na fito za kulalia, kwa sababu kuku hapendi kulala chini. Pawe na viota, kimoja kwa kila kuku wanne au watano, navyo viwe mahali penye kigiza na viwekwe nyasi kavu. Kiota kikiwa mahali penye mwanga mkali, kuku huyaona mayai, huyadonoa, na akishaonja utamu wake hasahau.

Sakafuni tandaza maranda ya mbao. Sisi wa Kakamega mvua ya alasiri tunaijua. Maranda yakilowa hutoa harufu inayochoma macho, tena yanazalisha vijidudu vya koksidiosisi, ugonjwa unaowaharisha kuku damu, hasa wakiwa wadogo. Kila juma mimi huyageuza maranda kwa reki, na penye unyevu nayatoa. Hayo yanayotolewa hayatupwi. Tunayarundika yaoze, kisha yanakuwa mbolea ya sukuma wiki. Usiyamwage shambani yakiwa mabichi kwa maana kinyesi cha kuku ni kikali, huunguza mimea.

Mchana jihadhari na mwewe na nguchiro. Usiku funga mlango kwa kufuli, kwani mbali na paka-mwitu kuna yule mwizi wa miguu miwili.

YAI HUINGILIA MDOMONI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu husema kuku hutaga kwa nyuma, na macho yanaona hivyo. Lakini ukweli ni kwamba yai huingilia mdomoni. Kila kilichomo ndani ya yai kilikuwa kwanza chakula au maji.

Yai hutengenezwa hivi. Kiini hukomaa kwanza, kisha hudondoka na kuingia katika mrija mrefu wa uzazi. Humo huvikwa ute mweupe, kazi ya muda wa saa tatu hivi. Halafu huvikwa ngozi mbili nyembamba, zile tunazoziona tukimenya yai lililochemshwa. Mwisho hufika mahali pa kuvikwa ganda, na hapo hukaa karibu saa ishirini. Safari yote huchukua saa 24 hadi 26.

Kutokana na maelezo hayo tunapata majibu ya maswali mawili. La kwanza, kuku hawezi kutoa yai zaidi ya moja kwa siku ukimlisha usimlishe, kwani mrija hauna njia ya mkato. La pili, mbona kuku mzuri naye huruka siku? Ni kwa kuwa safari hupita saa 24. Kuku aliyetaga saa mbili asubuhi leo, kesho atataga saa tatu, kesho kutwa saa nne au tano, mpaka saa zinampita na siku moja anapumzika. Kwa hiyo ukiwa na kuku kumi na unapata mayai saba au manane kwa siku, usilalamike. Hao wanafanya kazi.

Sasa tutazame vitu vinavyohitajika.

Cha kwanza ni chokaa. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na kila ganda huhitaji gramu mbili hivi za madini ya kalsiamu. Asipoyapata katika chakula, kuku huyatoa katika mifupa yake mwenyewe! Akizidi kuyatoa miguu inalegea, na ganda linakuwa jepesi kama karatasi. Ndiyo maana chakula cha kuku wanaotaga huwa na kalsiamu asilimia tatu na nusu hadi nne, ilhali kile cha kuku wanaokua kina asilimia moja hivi. Usivibadilishe. Kifaranga akilishwa chakula cha mtagaji hudhurika figo, na mtagaji akilishwa cha kifaranga hukosa ganda. Maganda ya mayai yanaweza kukaushwa, yakasagwa laini na kurudishiwa kuku, ila yasagwe mpaka asitambue kwamba ni yai.

Cha pili ni protini, ambayo ndiyo hujenga ute na kiini. Kuku anayetaga huhitaji chakula chenye protini asilimia 16 au 17. Mahindi peke yake yana kama asilimia tisa. Kwa hiyo anayewatupia kuku wa gredi mahindi asubuhi na jioni anawanenepesha tu, mayai hayaoni. Nyanya alinipinga hapa pia, akasema, "Kuku wangu wa zamani walikula mahindi na walitaga." Nikamjibu kwa heshima, "Nyanya, wako walizunguka shambani wakila panzi, mchwa na minyoo. Hiyo ndiyo ilikuwa protini yao. Hawa wamefungiwa, panzi watampata wapi?" Akacheka, akasema kumbe shule si bure. Wanaochanganya chakula chao wenyewe hutia omena kutoka Ziwa Victoria au mashudu ya alizeti pamoja na mahindi. Omena ikizidi, mayai hunuka samaki.

Cha tatu ni changarawe. Kuku hana meno. Chakula chake husagwa ndani ya firigisi, ile nyama ngumu ambayo katika nyumba nyingi za huku huwekewa baba, nasi watoto tunaitazama kwa macho tu. Ndani ya firigisi vijiwe vidogo ndivyo meno yake. Kuku aliyefungiwa bandani na anayetupiwa nafaka au majani hana budi kuwekewa changarawe katika kopo.

Cha nne ni maji, nayo watu wengi huyadharau. Robo tatu ya yai ni maji. Kuku hunywa uzito wa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, hivyo kuku kumi huhitaji lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, na jua likiwaka huhitaji zaidi. Mwezi wa Februari mwaka huu bomba la mtaani kwetu lilikauka. Chakula kilikuwapo, banda lilikuwa safi, lakini katika daftari langu mayai yalishuka kutoka manane hadi sita, kisha manne, mwisho matatu. Tukaanza kuteka maji chemchemini alfajiri kabla ya shule, mimi na dada yangu, mtungi mmoja wa kuku na mmoja wa nyumba. Ilichukua zaidi ya juma moja hesabu irudi saba. Kwa kuku, kiu ya siku moja hulipwa kwa siku nyingi.

Cha tano ni mwanga. Mwanga ndio unaouamsha mwili wa kuku utage. Wafugaji wakubwa huwasha taa ili kuku wapate saa 16 za mwanga. Katika nchi za Ulaya kuku wa uani hupunguza sana kutaga majira ya baridi kwa kuwa mchana huwa mfupi. Sisi Kakamega tuko karibu sana na Ikweta, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Hilo linatosha kwa kuku wa nyumbani, mradi tusiwapunje. Banda la giza likifunguliwa saa mbili asubuhi, kuku wameibiwa saa mbili za mwanga. Mimi hulifungua saa kumi na mbili.

Kabla sijaondoka kwenye chakula, nataka kuonya juu ya mahindi yaliyoota ukungu. Kuna mazoea kwamba mahindi yasiyofaa kwa ugali ni ya kuku. Ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 hapa Kenya, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyoharibika. Kuku naye ana ini kama sisi. Mahindi ya namna hiyo hayafai kwa mtu wala kwa ndege.

HESABU YA YAI LA TANO

Hebu sasa tufungue daftari. Kuku mmoja wa gredi hula gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku kumi hula kilo 1.2. Gunia la kilo 70 sisi tulilinunua kwa shilingi 3,500, yaani shilingi 50 kwa kilo, nalo hutuchukua siku 58. Mayai tunauza shilingi 15 kila moja kwa majirani. Basi hesabu ya siku moja ni hii:

Chakula: kilo 1.2 mara shilingi 50 = shilingi 60.
Mayai manne mara shilingi 15 = shilingi 60.

Ngoma droo! Siku ambayo kuku kumi wametaga mayai manne, tumefanya kazi bure. Wakitaga matatu, mama anatoa pesa mfukoni kuwalisha ndege. Wakitaga saba, yanabaki matatu, yaani shilingi 45. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni shilingi 1,350. Mayai tunayokula nyumbani nayaandika pia kana kwamba yameuzwa, maana yangeuzwa.

Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti. Njia ni ile ile: gawanya gharama ya chakula cha siku kwa bei ya yai moja. Jibu utakalopata ndilo deni la kuku wako kwa gunia. Kinachozidi ndicho chako.

Faida ya miezi sita ya kwanza ilikwenda kurudisha zile shilingi 7,000 za mama pamoja na gharama za chanjo na maranda. Kuanzia Januari mwaka huu ndipo pesa hizo zilipoanza kulipa chakula changu cha mchana hapa shuleni, ambacho ni shilingi 900 kwa mwezi. Kwa hiyo ule mwezi wa Februari mayai yaliposhuka hadi matatu, halikuwa jambo la kuku peke yao. Lilikuwa ni swali la kama nitakaa darasani saa saba na sahani au na tumbo tupu. Nafikiri wanafunzi wenzangu wa shule za kutwa mnanielewa vizuri.

Kuna wanaotafuta nafuu kwa kununua chakula hafifu au kupunguza kipimo. Tuseme umepunguza gharama kutoka shilingi 60 hadi 45 kwa siku, lakini mayai yakashuka kutoka saba hadi manne. Zamani ulibakiwa na shilingi 45. Sasa unapata 60, unatoa 45, unabakiwa na 15. Umeokoa shilingi kumi na tano ukapoteza thelathini. Rahisi ni ghali, kama wasemavyo wahenga.

Je, utamjuaje kuku anayekula bila kutaga? Mshike jioni akiwa ametulia. Mtagaji ana kishungi chekundu, laini na kilichojaa. Asiyetaga kishungi chake ni kidogo, kimekunjamana na kimepauka. Tena weka vidole katikati ya ile mifupa miwili myembamba iliyo karibu na njia ya yai. Kwa mtagaji vidole viwili au vitatu hupita. Kwa asiyetaga hupita kimoja kwa shida. Lakini usiharakishe kisu. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kutaga kuku hunyonyoka manyoya na kupumzika kwa miezi kadhaa, kisha hurudia kazi kwa mayai machache kuliko ya kwanza. Hapo tena rudi katika daftari uamue.

MAGONJWA

Hesabu zote hizo zaweza kufutwa kwa siku nne. Adui mkubwa ni ugonjwa wa Newcastle, ambao vitabu vya Kiswahili huuita kideri. Uliitwa hivyo kutokana na mji wa Newcastle huko Uingereza, ulikotambuliwa katika mwaka wa 1926, mwaka ambao ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Huletwa na virusi. Dalili zake ni kuku kuhema mdomo wazi, kuharisha kijani, mabawa na miguu kupooza na shingo kupinda. Dawa ya kuuponya haipo. Narudia, haipo. Anayekuuzia dawa ya kutibu Newcastle anakuuzia maji.

Kilichopo ni chanjo. Hutengenezwa hapa hapa nchini na taasisi ya serikali iitwayo KEVEVAPI, na hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Tone moja katika jicho la kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Iwekwe mahali penye baridi, na ikishachanganywa itumiwe siku ile ile.

Sasa kuna jambo la kufikiriwa. Chupa moja ya chanjo ina matone ya kuku wengi kuliko kumi, hivyo mtu mwenye kuku wachache huona ni hasara kuinunua. Desemba iliyopita, watu waliposafiri na kuku kwa ajili ya Krismasi, jirani yetu mmoja alipoteza kuku 22 kwa siku nne. Alibaki na jogoo mmoja akizungukazunguka uwanjani. Wetu waliokoka kwa kuwa walikuwa wamechanjwa mwezi wa Novemba. Tangu hapo boma sita za mtaani kwetu huchanga pesa, tunanunua chupa moja, na Jumamosi moja asubuhi tunapita boma kwa boma mpaka chupa iishe. Kila mmoja hulipa shilingi chache tu. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, na virusi havijui mpaka wa ua.

Kwa vifaranga kuna ugonjwa mwingine uitwao Gumboro, jina la mahali katika jimbo la Delaware, Marekani, ambako ulijulikana katika mwaka wa 1962. Nao una chanjo. Ndui ya kuku huenezwa na mbu. Chawa na utitiri hupunguzwa kwa kuwawekea kuku shimo la majivu na mchanga mkavu waogee.

Kuku mgeni, hata akiwa zawadi, atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Na kuku akipewa dawa za kuua bakteria, soma karatasi ya dawa ujue ni siku ngapi mayai yake hayafai kuliwa wala kuuzwa. Kumuuzia jirani mayai yenye dawa ni kumdhulumu.

KUTUNZA NA KUUZA MAYAI

Okota mayai mara mbili kwa siku. Usiyaoshe yale unayotaka kuyaweka, kwa sababu ganda lina matundu maelfu yasiyoonekana na juu yake pana utando mwembamba unaoyaziba. Maji huuondoa utando huo na kupitisha uchafu ndani. Yafute kwa kitambaa kikavu. Yapange katika trei, ncha iliyochongoka ikiwa chini.

Mnunuzi akitilia shaka, tia yai ndani ya maji. Yai bichi la karibuni huzama na kulala. Lililokaa sana huelea, kwa kuwa maji yake yamepungua na hewa imeingia. Akikuuliza kama yai la kahawia lina nguvu kuliko jeupe, mwambie rangi ya ganda ni kabila ya kuku tu. Na kiini cha manjano iliyokolea hutokana na majani mabichi kama sukuma wiki na mchicha, wanayoyapenda sana.

TAMATI

Ndugu wasomaji, nimeeleza kwamba kuku kumi si utajiri. Hawatanunua gari wala shamba. Lakini wanaweza kulipa sahani ya mchana, daftari na kalamu, na Jumapili mtu akala yai lake bila kuomba. Masharti yao ni machache: chakula kamili, maji safi, mwanga wa mapema, chanjo kwa wakati na daftari lisilodanganya. Katika hayo matano, maji na mwanga havinunuliwi dukani.

Naomba Chama cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa somo la kilimo, tufuge kuku kumi hapa shuleni nyuma ya jiko, na hesabu ya mayai ibandikwe ukutani kila Ijumaa kila mtu aione. Tukifika yai la tano, kuna mwenzetu mmoja atakula mchana. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hayo machache naweka kalamu yangu chini.